Shikamoo, Profesa

Jumatatu, 18 Mei 2015. Ujiji

Daftari hili nililinunua Bujumbura kwa ajili ya masomo ya mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu haukufika. Kurasa ni nyeupe, maneno ninayo mengi, Mama amechoka kuyasikia, basi yataingia humu.

Chuo kimefungwa. Mwezi uliopita maandamano yalianza, risasi zikafuata, na sisi Watanzania wanne wa Kitivo cha Kilimo tukaambiwa tuondoke na tunachoweza kubeba. Nimefika nyumbani na begi la nguo, sufuria kubwa ya bwenini ambayo si yangu, na karatasi ya matokeo ya miaka miwili niliyoificha ndani ya sidiria kutoka Bujumbura hadi mpakani Manyovu. Inanuka jasho lakini inasomeka.

Leo amenipigia Saad. Saad ni kijana wa Mwanga, hapa hapa Kigoma, tulikuwa darasa moja kule Bujumbura. Amepata chuo huko Mwanza kinachopokea wanafunzi wa kuhamia mwaka wa tatu, ila masharti yatimie kabla ya mwisho wa Agosti. Matokeo halisi: ninayo. Yatafsiriwe kutoka Kifaransa: yatatafsiriwa. Maelezo kwamba sikufukuzwa chuo: sikufukuzwa na chuo, nimefukuzwa na risasi, hilo watanielewa. La mwisho ndilo lenye kazi. Wanataka maelezo ya kila somo tulilosoma, lilifundisha nini na kwa muda gani, yametiwa sahihi na mkuu wa idara, pamoja na namba ya simu ili wamuulize wenyewe.

"Ni hapo tu," Saad akasema. "Kwingine kote mteremko."

Mkuu wa idara yetu ni Profesa Barutwanayo. Alipo, Mungu anajua.

Jumanne, 19 Mei

Nimepiga simu ya idara. Inaita, haipokelewi.

Alhamisi, 21 Mei

Baba mdogo Abdulmajid alikuja kunywa chai. Ana cherehani pale sokoni Mwanga na ana maoni juu ya kila jambo. "Kwani shida iko wapi, Mwasiti? Anza upya mwaka wa kwanza hapa hapa nchini. Miaka miwili si kitu."

Nikamweleza kwa mara nyingine. Pointi zangu za kidato cha sita hazikutosha chuo chochote hapa, ndiyo maana nilivuka mpaka. Kwa mlango wa mwaka wa kwanza siingii. Mlango wangu ni mmoja, wa kuhamia. Usipofunguka, basi mimi ni binti wa kidato cha sita anayeanua dagaa.

"Dagaa nayo kazi," akasema.

Mama, ambaye ameishi kwa dagaa maisha yake yote, alimtazama mpaka akamaliza chai yake kimya.

Nimepiga. Haipokelewi.

Jumamosi, 23 Mei

Siwezi kukaa. Nimefagia ua mara mbili, Mama akaninyang'anya ufagio.

Meli ya Liemba inaleta wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga. Wanasema kule ufukweni wamejaa hadi hakuna pa kuweka mguu, na kipindupindu kimeingia. Wakishuka bandarini wanapelekwa uwanja wa mpira, kisha mabasi yanawapeleka kambini Nyarugusu. Wanatafutwa wakalimani wa Kirundi. Nimekwenda. Askari wa getini aliponisikia nazungumza na mama mmoja, akanielekeza foleni ya wakimbizi. Nikamwambia mimi mtu wa Ujiji. "Wote mnasema hivyo," akajibu. Ilibidi nimtajie misikiti ya mtaani kwetu na maimamu wake, na nani kati yao ana hotuba ndefu, ndipo akacheka akanipisha.

Mama anasema hii ni mara ya nne anaona ziwa likileta watu. Mara ya kwanza alikuwa bado anacheza rede. Ameniwekea maandazi nikawagawie. Yeye amefurahi kwamba nina huruma. Sikumwambia ukweli, kwamba nimekwenda kutazama nani anashuka.

Jumapili, 24 Mei

Uji, majina, uji, majina. Hakuna wa chuoni.

Jumanne, 26 Mei

Nimefanya jambo.

Nilikuwa meza ya kuandikisha. Nauliza kwa Kirundi jina, umri, kazi na watu ulionao, karani anaandika. Saa tano hivi nikainua kichwa, na mbele yangu amesimama Profesa Barutwanayo. Shati la mtu mwingine, limembana mabegani. Kandambili. Ndevu zimeota, nyeupe. Mkewe yuko nyuma yake ameshika ndoo.

Sikufikiri. Kwetu sisi mwalimu hapitwi bila salamu, na haitwi kavukavu. Unasimama, unamwamkia kwa cheo chake, watu wasikie kwamba ulifundishwa na ukafundishika. Kule chuoni wenzetu walikuwa wakimpa mkono na bonjuu yao, ni sisi Watanzania tu tuliokuwa tukimwamkia, naye alikuwa akipenda. "Mnanizeesha," alikuwa akisema, halafu anaitikia marahaba kwa lafudhi yake mpaka tunacheka. Basi nikasimama, kiti kikaanguka, nikasema kwa sauti ya furaha, foleni nzima ikasikia:

"Shikamoo, Profesa."

Hakuitikia. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtoto aliyeokota kisu. Kisha akasema kwa Kirundi, taratibu, "Umenifananisha, mwanangu. Mimi ni Bosco. Mkulima."

"Amesemaje?" karani akauliza.

"Bosco," nikasema. "Mkulima."

Karani akaandika. Miaka miwili mtu huyo amenifundisha udongo, na sijawahi kumwona na jembe. Nyuma ya mkewe kulikuwa na vijana wawili wenye kofia waliokuwa wakisukumana na kutaniana. Walikuwa wameacha kusukumana.

Mkewe alipopita kando yangu akaninong'oneza, "Wanamtafuta. Alikataa kuwapa majina." Majina gani, sikupata nafasi ya kuuliza.

Jumatano, 27 Mei

Vijana wenye kofia wamekuja mezani. "Dada, yule mzee wa jana uliyemwita Profesa. Hasa anaitwa nani?"

"Nilimfananisha."

"Na huyo profesa wako yukoje?"

Mfupi, nikawaambia, ana kipara, anachechemea. Profesa ni mrefu na nywele anazo. Wakanishukuru kwa adabu. Adabu yao ndiyo iliyonitisha. Huenda ni wanafunzi kama mimi, huenda sivyo, usoni hawakuandikwa.

Alhamisi, 28 Mei

Basi limemchukua kwenda Nyarugusu. Nimemweleza Mama yote. Aliacha kupepeta dagaa, ungo ukabaki hewani.

"Mwasiti, mimi nilikufundisha kusalimu," akasema. "Kutazama kwanza sikukufundisha."

Afadhali angenifokea.

Jumanne, 2 Juni

Mbalamwezi. Wavuvi hawatoki, dagaa hakuna, Mama hana kazi na mimi sina. Tumegombana juu ya chumvi.

Jumanne, 9 Juni

Saad amekuja, manukato mpaka mlangoni. "Oya, nimepata suluhisho." Kuna fundi wa mihuri mjini, umpe mfano tu, anakuchongea muhuri wa popote duniani. Maelezo ya masomo tutaandika wenyewe, si tulisoma? Sahihi ya Profesa anayo kwenye karatasi ya mtihani aliosahihishiwa, ataiga.

"Na namba ya simu?"

"Binamu yangu Castory. Atakuwa Profesa kwa siku moja, atafurahi."

"Castory kondakta wa mabasi ya Kasulu?"

"Usinizingue, Mwasiti. Chuo kimefungwa, watu wamekimbia, nani atajua? Tena hatudanganyi. Tulisoma kweli."

Hapo ndipo pabaya, kwamba tulisoma kweli. Nimesema nitafikiri. Nami nafikiri, nimelala na kuamka nafikiri.

Alhamisi, 18 Juni

Ramadhani imeingia. Nimepiga Bujumbura kwa mazoea. Haipokelewi.

Ijumaa, 26 Juni

Mwalimu Telesphory, mstaafu anayejua Kifaransa cha mapadri, amemaliza kutafsiri matokeo yangu. Akanipongeza kwa alama za somo la mmomonyoko wa udongo. "Nani alikufundisha?" Nikamwambia mkulima mmoja. Akadhani natania.

Jumamosi, 4 Julai

Upepo, vumbi, swaumu. Nimetembea hadi ziwani na kurudi, nikafika nyumbani nikageuka nikaenda tena. Jirani akamuuliza Mama kama nimepata mchumba. Mama akamjibu kwamba nina kiu.

Jumamosi, 18 Julai

Idd. Tumekula pilau, watoto wa mtaa wamemaliza pipi zote. Baba mdogo amekuja na mfuko, ameutupa kitandani kwangu kama mtu anayerudisha ndoo. Sketi mbili ndefu za kijivu, kashona mwenyewe, na mkanda umekaa sawasawa bila kunipima. "Za Mwanza," akasema, akatoka kabla sijamshukuru. Na mimi wiki nzima nimekuwa nikimsema.

Jumatano, 22 Julai

Dagaa wa giza hili ni wengi, Mama amepeleka magunia soko la kambini Nyarugusu pamoja na wenzake, akarudi amevaa vumbi jekundu hadi kope. Akanawa, akakaa, akasema kana kwamba anazungumzia bei ya chumvi: "Nimemwona mtu wako."

Hakumuulizia mtu yeyote. Alisikia tu akina mama wa mchicha wakisifu kwamba kuna mzee, anaitwa Bosco, anapita kwenye hema anaonja udongo kwa ulimi na kukuambia upande nini na usipande nini. Mama akanunua mchicha, akaelekezwa, akamwona anachimba kijishimo, mikono imejaa malengelenge. Akamwambia, "Shikamoo, kaka. Mimi mama yake Mwasiti." Basi. Hakusema profesa wala nini.

"Akasemaje?"

"Aliniuliza kama umepona hofu."

Jumatano, 29 Julai

Nimekwenda. Nimekaa sokoni kambini, nyuma ya mafungu ya dagaa ya Mama, nimejifunika ushungi mpaka kidevuni. Profesa alikuja akachuchumaa, akawa anachagua dagaa mmoja mmoja, akizungumza bila kunitazama. Kiswahili chake cha Bujumbura kimepungua mzaha.

Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. "Uliamkia mwalimu wako. Ulilelewa vizuri. Siku ile tu ndiyo haikufaa." Lakini tangu siku ile, akasema, amehama kitalu mara mbili humo kambini, na mkewe hapati usingizi, akisikia viatu nje ya hema anakaa.

Baada ya kusikia hayo, bado nikaomba. Najiandika kama nilivyo. Nikamweleza masharti ya Mwanza, sahihi, simu, mwisho wa Agosti, pointi zangu za kidato cha sita. Maneno yalitoka yote kwa mkupuo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Watu wa serikali walikuja ofisini kwangu na askari. Walitaka majina ya bweni lote la Kilimo, walioandamana na wasioandamana. Hasa walitaka chumba kilichowapikia waandamanaji kwa sufuria kubwa."

Sufuria hiyo iko jikoni kwetu. Mama anachemshia maharage.

"Jina lako nilikataa kulitoa," akasema. "Na la wenzako. Sasa unaniomba nitoe langu, kwa simu, kwa mtu nisiyemjua."

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningejitetea. Alifungiwa dagaa wake, Mama akakataa malipo, akaondoka akiwa ameinama kidogo, mwendo wa mtu anayejifunza kuwa mfupi. Yeye hakutoa jina langu mbele ya bunduki. Mimi nilitoa lake mbele ya ndoo ya uji, kwa furaha.

Jumamosi, 1 Agosti

Sijaandika. Sijala vizuri. Mbalamwezi tena.

Jumatatu, 10 Agosti

Saad alipeleka karatasi zake, muhuri umekaa vizuri kuliko muhuri wenyewe. Leo nimekutana naye Mwanga, amekaa kwenye benchi la Baba mdogo, hana manukato.

Bi Regina, afisa udahili wa kule Mwanza, alipiga namba aliyopewa. Castory akapokea kwa sauti nzito, akiwa njiani ndani ya basi, abiria wanalalamika. Bi Regina akampa simu mwalimu mmoja anayejua Kifaransa. Castory akajibu "wii", ndiyo ya Kifaransa, kila alipoulizwa. Akaulizwa kama yeye ndiye mkuu wa idara, wii. Kama Saad alisoma kwake, wii. Mwalimu akaingiwa na shaka, akamuuliza kama ni kweli kijana huyu alifukuzwa kwa wizi wa mbuzi wa chuo. Wii, wii.

Baba mdogo alicheka mpaka akajidunga sindano. Mimi nilicheka, kisha nikaona Saad analia, kimyakimya, machozi yanaanguka kwenye vitambaa vya watu. Nikamshika mkono. Juzi tu nilikuwa nafikiria kuingia naye. Jina lake limefutwa na hatapokelewa tena.

Jioni simu yangu ikaita. Bi Regina mwenyewe. "Binti, mwombaji mwingine wa idara hiyo ni wewe. Sasa sikiliza. Mkuu wa idara nitamsikia kwa masikio yangu. Jina lake na cheo chake atavitaja mwenyewe, na nitamuuliza masomo. La sivyo, usihangaike kuleta kitu."

Ijumaa, 14 Agosti

Nimempigia Bi Regina. Nimesema mkuu wa idara hapatikani.

"Hapatikani au hayupo?"

"Yupo," nikasema. "Hapatikani."

"Faili lako nitaliacha wazi hadi tarehe thelathini na moja. Zaidi ya hapo si langu."

Nilimwambia Mama kwamba nimeacha. Akanipa kanga nijifunge, nianike dagaa pamoja naye. Nililia juu ya kichanja kizima, kwa sauti, majirani wakisikia. Nimechoka kuwa mtu anayesubiri mlango. Nilitaka sana kusoma. Nilitaka hivyo na bado nataka, na nimeacha.

Jumapili, 16 Agosti

Dagaa.

Alhamisi, 20 Agosti

Mama karudi kutoka kambini na bahasha ya khaki iliyowahi kufungiwa sukari. Ndani kuna kurasa za daftari la shule, zimejaa mwandiko ninaoujua. Masomo yetu yote ya miaka miwili, yaliyofundishwa naye na yaliyofundishwa na wengine, kwa kumbukumbu tu. Kemia ya udongo ukurasa mmoja. Umwagiliaji mmoja. Mmomonyoko wa udongo kurasa tatu na mchoro, hapo hakujizuia. Chini kabisa sahihi yake, na jina lake lote, na cheo chake. Namba ya simu kaweka ya Mama.

"Ulimwomba?" Nilimuuliza Mama vibaya, kwa sauti ambayo si ya kumwuliza mzazi.

"Sikumwomba. Aliniuliza binti anaendeleaje, nikasema ameacha. Kwa nini ameacha, nikasema kwa ajili yako. Halafu akaniuliza kama naweza kumpatia daftari."

Nilizishika karatasi zile karibu na jiko. Mama hakunizuia, alikuwa ananitazama tu. Nikazirudisha kwenye bahasha.

Jumamosi, 22 Agosti

Nimempigia Bi Regina. Jumatano saa nne asubuhi. Nimemwambia simu itapokelewa kwenye soko la kambi. Akauliza, "Kambi ya nini?" Nikamwambia. Akasema, "Haya."

Nje magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti, kila mtu anataja jina la mtu wake kwa nguvu zote.

Jumatano, 26 Agosti

Tulifika kambini mapema. Profesa alikuwa ameshafika, amenyoa ndevu. Mkewe alikuwa kando yake, amevaa kitenge safi, ameshika ile ile ndoo, sijui ya nini.

Nilimwambia kwa Kirundi tunaweza kuacha. Bado kuna nafasi ya kuacha, nitamwambia Bi Regina mtandao umekataa, na kweli mtandao wa pale ni wa kukataa.

Akatikisa kichwa. "Miezi mitatu sijaitwa kwa jina langu. Huyu mke wangu ananiita Bosco hata tukiwa wawili, asije akajisahau mbele za watu. Juzi mtu aliita Bosco, nikageuka haraka mno. Nikaogopa, Mwasiti. Niliogopa kuliko siku ya askari."

Mkewe akasema, "Mimi bado naogopa." Akasema hivyo tu, wala hakumshika mkono asiende.

Mahali pekee penye mtandao ni katikati ya soko, karibu na mzani wa mahindi. Hakuna pa kujificha pale. Upande huu wauza mahindi, upande ule akina mama wa mchicha, na watu wanapita. Simu ya Mama ina spika mbovu, usipoiweka kwa sauti kubwa husikii kitu. Ikaita. Profesa akaipokea, akaiweka kwa sauti kubwa.

"Naongea na nani?" Sauti ya Bi Regina ikasikika mpaka kwenye mahindi. "Jina lako kamili na cheo chako, tafadhali."

Mwanamume aliyekuwa akipima debe akageuka. Nilimwona Profesa akinyooka. Mgongo kwanza, halafu shingo, akarudi urefu wake wote. Akasema kwa sauti ya ukumbi wa mihadhara:

"Ni Profesa Melkiyori Barutwanayo. Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Udongo, Kitivo cha Kilimo. Mwasiti Haruna ni mwanafunzi wangu."

Bi Regina akaanza maswali. Somo hili lilikuwa na nini, lile lilikuwa na maabara au halikuwa. Alijibu yote. Alipofika kwenye mmomonyoko akaeleza kwa muda mrefu hadi Bi Regina akamwambia, "Inatosha, Profesa, nimeelewa," na sauti yake ilikuwa imelainika. Simu ikakatika.

Yule wa debe akasema, "Kumbe." Mama mmoja wa mchicha akawaambia wenzake kwa Kirundi, "Ndiyo maana bustani zetu zimeota." Wengine walicheka. Wengine hawakucheka, na mmoja aliondoka upesi bila kununua alichokuja kununua. Nilimwangalia mpaka akapotea. Kofia hakuvaa.

Wakati wa kuagana nikamtazama Profesa. Nilitaka kusema asante, likawa dogo. Nilitaka kusema kwaheri, nikaogopa.

"Mbona leo huniamkii?" akaniuliza.

Nikatazama kwanza. Kushoto, kulia, nyuma yangu. Watu walikuwapo, wengi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba," akasema, kwa lafudhi ile ile ya kuchekesha, na mkewe akaufunika uso kwa kitenge.

Jumatatu, 31 Agosti

Karatasi zimefika Mwanza kwa basi. Hakuna simu.

Ijumaa, 4 Septemba

Hakuna simu. Nimefagia ua. Mama kaficha ufagio.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimepokelewa. Mwaka wa tatu. Nitarudia somo la takwimu tu, na hilo nastahili. Nimeruka, nimempigia kelele Mama, nimekwenda mbio hadi Mwanga kwa Baba mdogo, naye akasimamisha cherehani akawatangazia wateja kwamba siku zote alijua. Nimepita kwa Saad. Amenipongeza kwa moyo, akasema atajaribu ualimu mwakani. Nina furaha mpaka miguu haitulii, na chini ya furaha kuna kitu kingine nacho hakitulii.

Jumamosi, 19 Septemba

Treni ni kesho. Sketi za kijivu zimo kwenye begi. Sufuria nimemwachia Mama, ingawa si yangu kumwachia.

Leo Mama alikwenda Nyarugusu na dagaa. Nilimpa kilo ya sukari na salamu zangu za kumpelekea Profesa, nikamsubiri mlangoni tangu alasiri. Alipofika sikumwacha hata anawe.

Anasema Profesa amehamishiwa kitalu kingine, kwa hiyo ilibidi aulize. Akauliza kama alivyozoea, Bosco wa mchicha anakaa wapi. Hakuna aliyemjua. Watu wakatikisa vichwa, wakamwambia hapa hakuna Bosco. Basi akapiga moyo konde akauliza, Profesa je?

Mstari mzima wa hema, anasema Mama, wakubwa kwa watoto, wakanyoosha mikono upande mmoja. Mmoja akaacha kufua akamsindikiza hadi mlangoni. Profesa ni mzima, mkewe mzima, wanasalimia sana, sukari wameipokea.

Nimekaa na begi langu nafikiria mikono hiyo yote. Mama anasema nifurahi. Nafurahi, lakini kambi nzima sasa inajua anapokaa.